Ukumbi Umejaa, Ghala Tupu: Somo la Mali Kauli kutoka Meza ya Hoteli

SOMO LA WIKI

Wiki hii tunaliweka kando jedwali la bei za mazao ili tujifunze jambo moja linalomhusu kila mwenye duka, mchuuzi na mwekezaji mdogo. Mfanyabiashara mdogo atamtambuaje mnunuzi mkubwa anayeweza kulipa, kabla hajamkabidhi mzigo kwa mali kauli?

Jibu la darasani ni fupi: soma mizania yake. Lakini msomaji anajua kwamba kampuni inayolazimika kuchapisha hesabu zake hadharani ni kama ile iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hoteli binafsi, shule binafsi au duka kubwa la mjini halikuonyeshi kitabu chake. Hukuonyesha jengo, kapeti na gari la meneja.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ya hesabu za hoteli ambayo haiwezi kufichwa, nayo ni sahani. Nilijifunza hayo mwezi Agosti 2024 mjini Arusha, katika chakula cha jioni kilichonigharimu fedha nyingi na kunishibisha kidogo. Mwalimu wangu alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Gitting.

MZIGO KUTOKA GITTING

Gitting ni kata ya Wilaya ya Hanang, kwenye miteremko ya mlima Hanang, mkoani Manyara. Baridi yake na udongo wake wa asili ya volkano hufaa maharage, ngano, mahindi na viazi mviringo. Ukivuka kwenda upande wa Mbulu unafika kwenye vitunguu saumu. Mzee huyu hukusanya mazao hayo, huyashusha Katesh, kisha huyapakia kwenda Babati na Arusha. Ujanani aliwahi kuwa karani wa ghala katika mashamba ya ngano ya Hanang, yale yaliyofunguliwa na NAFCO kwa msaada wa Canada miaka ya 1970. Jicho la ghala halikumwacha.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Mzee alinusurika na familia yake, lakini stoo yake ya Katesh ilisombwa pamoja na mzigo. Tangu siku hiyo hana mtaji wa kununua mazao kwa fedha taslimu. Wakulima wa Gitting humpa magunia kwa mali kauli. Anauza, anarudi, anawalipa, naye anabaki na tofauti ya bei. Kwa hiyo kila gunia lililoko juu ya lori lake ni mali ya mtu mwingine: ni karo ya mtoto wa jirani au mbegu ya msimu ujao.

Basi hoteli moja ya daraja la juu mjini Arusha ilimtafuta. Ofisa ununuzi wake alitaka viazi, maharage na vitunguu saumu kila wiki, kwa bei nzuri kuliko ya sokoni, malipo baada ya siku 60. Kikao kilipangwa saa nne asubuhi. Mzee aliniomba nimsindikize kwa sababu nimesomea biashara. Tulifika Arusha jioni ya kuamkia siku hiyo, akaniambia: "Mwanangu, kabla sijamkopesha mtu napenda kuona anavyokula. Twende tukale kwao."

CHAKULA CHENYEWE

Ukumbi ulikuwa umejaa. Agosti ni msimu mkubwa wa watalii, na biashara hiyo imerudi kwa nguvu baada ya janga la Uviko. Mwaka 2020 Tanzania ilipokea wageni 620,867 tu kutoka nje, na mwaka 2023 walifikia 1,808,205. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, leso zimekunjwa kama ndege, glasi zinang'aa. Menyu ilikuwa na jalada la ngozi. Ndani yake palikuwa na vyakula vikuu sita, kimojawapo kikiwa kondoo wa kuchoma kwa "kitunguu saumu kibichi cha Mbulu". Mzee alifurahi kuona jina la kwao limechapishwa.

Tuliagiza kondoo. Mhudumu akasema kondoo hayupo. Tukaagiza samaki, naye hayupo. Tukaulizia steki ya fileti, imeisha. Katika vile vyakula sita vilikuwepo viwili, kuku na mbuzi. Juisi ya matunda, jijini Arusha kunakouzwa parachichi na maembe kila kona, haikuwepo.

Tulikubali mbuzi. Kwanza ukaja mkate. Ulikuwa wa jana, umepashwa moto, nje mgumu na ndani unavutika. Ikafuata supu ya maboga iliyokuwa vuguvugu na nyepesi kiasi cha kuonyesha ua lililochorwa chini ya bakuli. Tukangoja dakika 50. Mbuzi alipofika alikuwa vipande vitatu, vigumu, vimepangwa vizuri katikati ya sahani kubwa na kuzungushiwa michirizi ya mchuzi. Pembeni palikuwa na viazi vya kuchoma pamoja na maganda yake.

Mimi niliona chakula kibaya. Mzee aliona ghala. Alikigeuza kiazi kimoja kwa uma, akanionyesha mahali ganda lilipokuwa na ukijani. "Hiki kimekaa kwenye mwanga muda mrefu," alisema. "Na hapa palikuwa na chipukizi, wamelikata. Hivi ni viazi vya chini ya meza, vinavyouzwa jioni kwa nusu bei." Kisha akaonja mchuzi. "Kitunguu saumu ni cha unga, cha kopo. Hakuna punje hata moja ya Mbulu hapa."

Bili ilipokuja nilitoa kadi ya benki. Mhudumu aliomba radhi kwa adabu sana, akasema mashine ya kadi ina tatizo wiki hii na meneja anapendelea taslimu. Nililipa taslimu, nikapewa risiti ya EFD. Tulipotoka, mzee alinunua mahindi mawili ya kuchoma barabarani, akanipa moja.

HESABU YA SAHANI MOJA

Tufanye hesabu. Tarakimu nimezirahisisha ili msomaji azifuate kwa kalamu na karatasi.

Tuseme sahani ile inauzwa shilingi 45,000, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo kwa Tanzania Bara ni asilimia 18, hivyo bei kabla ya kodi ni shilingi 38,136 na kodi ni 6,864. Hii 6,864 siyo mali ya hoteli. Inashikiliwa kwa muda tu, na ritani ya kodi huwasilishwa kila mwezi.

Katika vyuo vya hoteli hufundishwa kwamba gharama ya malighafi ya chakula iwe karibu asilimia 30 ya bei. Hapa ni kama shilingi 11,400. Zinazobaki, kama 26,700, zinalipa mishahara, pango, umeme, gesi, dobi, riba ya benki na, Mungu akijalia, faida.

Sasa tuangalie kiazi. Robo kilo ya viazi vizuri kwa shilingi 800 kwa kilo ni shilingi 200. Viazi vya nusu bei ni shilingi 100. Kwa hiyo jikoni waliokoa shilingi 100 kwenye sahani ya shilingi 45,000, na kwa ajili ya shilingi 100 hizo wakampoteza mteja.

Mfanyabiashara makini hujiuliza ni nani anayefanya hivyo. Wapo wa aina mbili. Wa kwanza ni asiyejua kazi yake. Wa pili ni anayejua, ila siku hiyo hakuwa na fedha mkononi ya kununua gunia zima la viazi vizuri, akamtuma kijana sokoni jioni na kilichopatikana kwenye droo. Kwa mtu anayetaka kuwakopesha, wote wawili ni hatari, lakini wa pili ni hatari zaidi.

FEDHA YA KILA JIONI NA DENI LA SIKU 60

Hapa ndipo kiini cha somo. Hoteli haikopeshi walaji wake, hulipwa usiku uleule. Viazi vikiingia Jumatatu, kufikia Jumamosi vimeliwa na fedha yake imo kwenye droo. Lakini mwenye viazi atalipwa siku ya 60. Kwa takribani siku 55 fedha ya mkulima wa Gitting inakaa kwa hoteli bila riba. Wahasibu huiita hali hiyo kuendesha biashara kwa mtaji wa wadai.

Siyo dhambi. Maduka makubwa duniani kote hufanya hivyo, na mengi hulipa kwa wakati. Swali ni hili: kama ukumbi umejaa kila usiku, na wenye bidhaa hawajalipwa, fedha iko wapi?

Inaweza kuwa benki, ikingoja tarehe ya malipo. Hapo hakuna tatizo, ila jikoni pa biashara hiyo hapakosi kondoo, samaki na steki kwa usiku mmoja. Inaweza kuwa imechukuliwa na mwenye mali kwenda kujenga hoteli ya pili. Au inaweza kuwa inalipa madeni ya mwaka jana. Katika hali hii ya mwisho, mzigo wa leo ndio unaomlipa mfanyabiashara wa jana, na wewe utalipwa na mzigo wa atakayekuja kesho. Siku wenye mizigo wakikoma kuja, wa mwisho kwenye foleni ndiye anayebaki na karatasi.

Tuweke tarakimu. Tuseme mzee anapeleka mzigo wa shilingi 800,000 kwa wiki, na faida yake ni asilimia 10, yaani 80,000. Kabla ya siku ya 60 atakuwa amepeleka mizigo tisa, jumla shilingi 7,200,000. Hoteli isipolipa, faida aliyoitarajia tuisamehe, lakini bado anadaiwa gharama halisi ya mizigo hiyo, shilingi 6,480,000. Ili kuzirudisha kwa faida ya 80,000 kwa wiki anahitaji wiki 81. Mwaka mmoja na nusu wa kazi ya bure, huku majirani wakipita mlangoni kila asubuhi kuulizia.

MFANO WA RAFU TUPU

Msomaji asidhani kwamba haya ni mawazo ya kiazi kimoja. Afrika Mashariki imeyaona kwa kiwango kikubwa.

Mwezi Oktoba 2015 kampuni ya maduka ya Uchumi ya Kenya ilifunga shughuli zake zote Tanzania na Uganda, na waliokuwa wakiyapelekea bidhaa maduka hayo wakabaki wakidai. Nakumatt, nayo ya Kenya, ilikuwa imechukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania mwaka 2014, likiwemo la Arusha. Kwa majengo na taa ilionekana imara. Lakini mwaka 2017 rafu zake zilikuwa zikibaki wazi, kwa sababu wenye bidhaa waliokuwa hawajalipwa waliacha kupeleka. Maduka yalifungwa moja baada ya jingine Kenya, Uganda na Tanzania. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka kampuni chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe.

Mteja wa kawaida aliyeingia akakosa sukari aliona habari hiyo mapema kuliko mhasibu aliyesubiri hesabu za mwaka. Rafu tupu ya duka na "samaki hayupo" ya hoteli ni lugha moja.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Haki itendeke. Chakula kibovu siku moja hakithibitishi kwamba hoteli imefilisika. Mpishi anaweza kuugua, gari la samaki linaweza kuharibika njiani. Wakati wa masika, wageni wanapokuwa wachache, mwenye hoteli mwenye busara hupunguza vyakula vyake ili visioze. Kama tungekula pale mwezi Aprili, nisingeandika makala haya. Kilichotutisha ni Agosti, ukumbi umejaa, na menyu nne kati ya sita hazipo.

Aidha, biashara hii ni ngumu hata kwa mabingwa. Mkahawa wa Noma wa Copenhagen, Denmark, uliwahi kutajwa mara tano kuwa bora kuliko yote duniani. Januari 2023 mwenye mkahawa huo, René Redzepi, alitangaza kwamba utaacha kuendeshwa kama mkahawa wa kawaida, akieleza kuwa kwa hesabu za fedha na za nguvukazi mtindo ule hauwezi kudumu. Chakula cha bei kubwa kina gharama kubwa nyuma yake. Kwa hiyo msomaji asilinganishe bei ya juu na uwezo wa kulipa. Ni mambo mawili tofauti.

HATUA ZA KUCHUKUA KABLA YA KUTOA MALI KAULI

Kwanza, uwe mteja wa mteja wako. Kama ni hoteli, kula. Kama ni duka, nunua. Bei ikikushinda, kunywa chai na uangalie.

Pili, hesabu vilivyokosekana. Vilivyopo vimepangwa ili uvione.

Tatu, waulize wanaopeleka maziwa, mkate, samaki na gesi. Zaidi ya hao, mtafute aliyeacha kupeleka. Anayeendelea anaweza kusifu kwa sababu bado anadai na anaogopa kuharibu.

Nne, weka ukomo wa shilingi na siyo wa siku peke yake. "Siku 60" haina mwisho kama mizigo inaendelea kwenda. "Mzigo wa pili hauondoki kabla wa kwanza haujalipwa" ina mwisho.

Tano, shika karatasi. LPO iliyosainiwa, hati ya kupokelea mzigo yenye muhuri na uzito kwa kilo, na ankara inayosema siku zinahesabiwa tangu mzigo ulipopokelewa. Wengi hupoteza mwezi mzima kwa sababu mnunuzi huhesabu kuanzia mwisho wa mwezi.

Sita, jua fedha ni ya nani. Mtaji wako mwenyewe unaweza kuuthubutisha. Mali kauli ya jirani haina ruhusa hiyo.

KIKAO CHA SAA NNE

Asubuhi tulipokelewa vizuri. Mzee hakutaja chakula. Alisema atafurahi kuleta mzigo, wiki mbili za mwanzo kwa fedha taslimu, kisha kwa siku saba, mzigo mmoja baada ya mwingine. Ofisa ununuzi alitabasamu, akasema utaratibu wa kampuni ni siku 60 na wapo wengine walioukubali. Mzee akamwambia, "Haya, mheshimiwa, tunashukuru," tukatoka.

Tulikwenda soko la Kilombero. Bei ilikuwa chini ya ile ya hoteli, na faida ya mzee kwa kila gunia ikapungua kwa zaidi ya nusu. Alilipwa palepale, noti akazihesabu mara mbili. Nilimwona amenyong'onyea, na sitadanganya kwamba uamuzi ule haukumuuma. Bei ya hoteli ingemrudishia stoo yake Katesh mapema.

Hoteli ile ingali wazi hadi ninapoandika. Mwaka huu nilimuuliza mzee kama anajuta. Alisema: "Sikukataa kwa kuwa niliona itafungwa, mwanangu. Hayo mimi sijui. Nilikataa kwa kuwa viazi havikuwa vyangu."

ZOEZI

1. Mnunuzi anataka mzigo wa shilingi 500,000 kila wiki kwa siku 30, na faida yako ni asilimia 8. Asipolipa kabisa, gharama uliyopoteza ni kiasi gani, na utahitaji wiki ngapi kuirudisha?

2. Andika orodha ya wadaiwa wako watatu wakubwa. Ni lini mara ya mwisho uliingia kwao kama mteja, na ulikosa nini?